Tarehe ya Mfaume wa Mtoni, Ambaye Hakujikuna

Sogeeni, enyi watu wa Temeke na watu wa Kinondoni, nanyi mlio ng'ambo ya Kigamboni mnaosikia kwa taabu kwa sababu ya honi ya pantoni, sogeeni mtege masikio. Mwenye chapati jikoni na aiepue, mwenye mteja dukani na amwombe arudi kesho, maana nitakalolisimulia halijapata kutokea tangu mji huu uitwe mji, na likitokea tena huenda mimi nisiwepo kuliandika. Wapo wanaosimulia habari za masultani waliovunja ngome, na wapo wanaosimulia mabaharia waliopigana mieleka na papa. Hao waachieni wapenzi wao. Mimi nawasimulia Mfaume bin Kondo, fundi faiba wa Mtoni, Simba wa Rezini, Bwana wa Msasa, Baba wa Matangi, ambaye siku ya Jumamosi, baada ya sala ya alasiri, katika sebule ya watu huko Kinondoni, alikaa saa mbili kamili na hakujikuna.

Najua mtacheka. Chekeni sasa mmalize, kwa sababu mbele huko nitahitaji heshima yenu.

Kwanza niwape nasaba ya adui, msije mkadhani shujaa wetu alipigana na siafu. Jina la adui ni faiba. Kwa ukoo ni mwana wa mchanga, na mchanga huo ni ndugu wa huu tunaoukanyaga Kunduchi viatu vikiwa mkononi. Katika nchi za mbali zenye viwanda vikubwa, watu huuchukua mchanga safi, wakauchanganya na chokaa na magadi, wakautia katika tanuru lenye moto ambao jiko la mama ntilie halijapata kuuota hata ndotoni, moto wa nyuzi joto elfu moja na mia tano, mpaka mchanga ukakata tamaa, ukayeyuka, ukawa kioo cha majimaji. Kioo hicho hupitishwa kwenye bamba la madini ya thamani lililotobolewa mamia ya matundu madogo mno. Kila tundu hutoa uzi, na chini lipo gurudumu linaloukamata uzi huo na kuuvuta kwa kasi isiyo na adabu, ukawa mwembamba, ukazidi kuwa mwembamba, hata unywele wa kichwa chako ukilazwa kando yake utaonekana kamba ya kufungia ng'ombe. Nyuzi hizo hupakwa dawa ili zisikwaruzane, zikafungwa pamoja. Nyingine zikafumwa vitambaa, nyingine zikakatwakatwa na kubanwa zikawa mikeka laini, myeupe, iliyoviringishwa vizuri. Mikeka ikapanda meli, ikashuka bandarini kwetu, ikafika Mtoni kwa Mfaume ikijifanya pamba.

Ukiipapasa kwa kiganja utaapa ni sufi ya kujazia mito. Ni kioo. Kila kiunywele ni kioo, na kikipigwa msasa hupaa, kikatua juu ya ngozi ya mwanadamu, kikajichomeka, kikakaa. Hakionekani, hakitoi sauti, hakina huruma. Mafundi wake wana sheria moja wanayofundishana siku ya kwanza ya kazi: jimwagie maji ya baridi, wala usijikune, maana ukijikuna unavisukuma viunywele ndani, na ukianza hutaacha.

Mfaume alikuwa ameitawala mikeka hiyo kwa miaka ishirini na mitatu. Aliipaka kalibu nta, akalaza mkeka, akaunywesha rezini, gundi ya majimaji iliyotiwa dawa ya kugandishia, akapitisha rola kufukuza mapovu, akaongeza tabaka juu ya tabaka, na kesho yake kitu kikabanduka kigumu kushinda mbao na chepesi kushinda bati. Matangi ya maji ya nusu ya Mtoni ni wanawe. Ziko boti mbili Kunduchi zinazoelea kwa jasho lake, na paa za bajaji zilizotoka mkononi mwake hata mwenyewe ameacha kuzihesabu.

Sasa sikilizeni kilichokuwa hatarini. Mfaume alikuwa na kaka, Mwishehe, Mungu amrehemu, aliyekufa na kumwacha mtoto wa miaka tisa aitwaye Badru. Mtoto huyo Mfaume alimlea kama alivyomlea binti yake mwenyewe, Salma. Akakua, akapata kazi kwenye mitambo ya umeme huko Kinyerezi, ya kuvika mabomba ya moto mablanketi ya faiba ili joto lisitoroke, na akampenda Khulud binti Abdulsamad, wa duka la vitambaa Kinondoni, naye Khulud akampenda. Miaka mitatu walipendana kwa subira na kwa simu. Lakini nyumba ya Abdulsamad ilikuwa na mlinzi, mdogo wake Abdulsamad, aitwaye Hudhaifa, ambaye mtaa mzima humwita Ami. Ami Hudhaifa, Jicho Lisilofumba, alishika rai kwamba mwenendo wa mshenga ndio mwenendo wa ukoo. Mshenga wa kwanza wa Badru, mjomba mmoja wa Mbagala, alichungulia simu yake mara moja tu katikati ya mazungumzo, na barua ya posa ikarudishwa kabla kahawa haijapoa. Baadaye Abdulsamad, ambaye ni mpole, akatuma neno kwamba watapokea mshenga mara moja tena, na hiyo itakuwa ya mwisho.

Badru akaenda kwa Mfaume akapiga magoti. "Baba mdogo, nenda wewe. Mie sina mwingine."

"Inuka, mwanangu," akanena Mfaume. "Nitakwenda, nitakaa, nitanyamaza panapopasa kunyamaza, na nitarudi na jibu."

Alhamisi ya juma lile alikuwa amebandua kwenye kalibu beseni la kufulia, kubwa, la faiba, ambalo alikusudia liwe zawadi ya Badru na mkewe mtarajiwa. Akalipiga msasa ndani ili alipake rezini ya mwisho ya kulainisha, na rezini ikamwishia. Beseni likabaki hivyo, mwili mzima likiwa limeota manyoya yasiyoonekana. Ijumaa asubuhi shujaa akatoka uani na kanzu yake ya harusi na maziko, pamoja na fulana na kikoi, akavitumbukiza vyote humo.

Mkewe, Hamisa, akatokea mlangoni na upawa. "Baba Salma, beseni la plastiki hili hapa. Hilo lako hujalimaliza. Litakutoa roho."

Mfaume akanyoosha mgongo, povu likimchuruzika viwikoni, akahutubia ua mzima pamoja na kuku. "Ewe Hamisa! Mie ninayeunyweshea mtaa huu maji kwa matangi ya mkono wangu, leo, kwenye kazi kubwa kuliko zote nilizopata kutumwa, nikafulie kwenye plastiki ya dukani? Kanzu hii itafuliwa na mimi, ndani ya kazi yangu, isiguswe na mtu."

"Haya," akasema Hamisa. "Mie simo."

Hapa niruhusuni nikasirike kidogo. Fundi wa miaka ishirini na mitatu! Mtu anayewafokea vijana karakana nzima wakiacha fulana karibu na msasa! Alisugua kanzu ile kwenye sakafu ya beseni kwa mikono miwili, akaigeuza, akaisugua tena, akatia bluu, na nywele za kioo zikang'oka kwa maelfu zikaingia katika kila uzi wa pamba. Kisha akaianika, akatabasamu. Kiburi cha ufundi ni kitu kibaya sana, na wengi tunacho.

Jumamosi akavaa. Aliyefuatana naye kama shahidi alikuwa Revelian, mtu wa Bukoba, mchanganyaji wa rezini, Hazina ya Vipimo, aliyevalia suti ya harusi yake mwenyewe ya zamani, iliyokuwa haifungi kifungo. Wakapanda bajaji. Mpaka Kurasini palikuwa shwari. Walipofika Magomeni mshale wa kwanza ukatua shingoni, nyuma, chini ya ukosi. Mfaume akadhani ni mbu. Wa pili ukatua kwapani, na mbu hafiki huko.

Revelian akamtazama juani, akakunja uso. "Mfaume, waitu, ndugu yangu. Kanzu yako inameta."

"Ni pasi."

"Si pasi. Mimi ile kitu naifahamu, ni kazi yetu ile." Akainama karibu zaidi. "Umefulia wapi?"

Mfaume akalikumbuka beseni. Kurudi hakukuwezekana, kwani miadi ilikuwa saa kumi na robo na Ami Hudhaifa hakuwa mtu wa kusubirishwa. Kubadilisha nguo hakukuwezekana, kwani hakuna mshenga anayeingia kwa wakwe na fulana ya karakana. Revelian akamshika bega, akaliachia upesi, akajipangusa kiganja kwenye suruali. "Basi sheria unaijua, rafiki yangu. Usijikune. Ukijikuna mara moja tu, Badru hana mke."

Wakapokewa kwa heshima. Sebule ilikuwa na zulia jekundu na matakia ukutani, na pazia zito ambalo nyuma yake wanawake wa nyumba, wakiongozwa na shangazi Bi Hamdiya, walikuwa wamejipanga kusikiliza. Abdulsamad, mzee wa ndevu nyeupe na sauti ya taratibu, akawakaribisha. Mfaume akampa shikamoo, akaitikiwa marahaba. Mkabala na shujaa, hatua tatu tu, akaketi Ami Hudhaifa na tasbihi yake, akamkazia macho.

"Feni izimwe," akasema Ami Hudhaifa. "Mie nina mafua."

Enyi wasikilizaji, feni ikazimwa! Pangaboi likapungua mwendo, likasimama, na jasho likatoka katika mwili wa Mfaume, na kila tone likawa farasi aliyempanda askari wa kioo. Kikosi cha kwanza kikashuka mgongoni. Kikosi cha pili kikazunguka kiuno, pale kikoi kilipofungwa, kikapiga kambi. Cha tatu kikayateka makwapa yote mawili kwa mara moja, nao ukosi wa kanzu ukaizingira shingo pande zote, ukakata njia. Mikono ya shujaa ilikuwa juu ya magoti. Vidole vikaomba ruhusa ya kwenda vitani, na yeye, jemadari, akavinyima.

Akatoa barua ya posa, imefungwa kwenye kitambaa cha hariri, akaiweka mbele ya Abdulsamad, akanena kwa sauti isiyo na mkwaruzo hata mmoja. "Mzee wetu, sie watu wa Mtoni tumekuja mikono mitupu, bila majivuno. Tumeleta neno la kijana wetu Badru, mtoto wa marehemu kaka yangu. Anaomba aingie nyumba hii kama mtoto, na binti yenu aingie yetu kama malkia. Tunaomba mtusikilize, na mkituuliza tutajibu, na mkituchelewesha tutakaa."

"Mtakaa," akasema Ami Hudhaifa.

Nao wakakaa. Ami akasoma barua kimya, akairudia, akauliza nasaba ya kina Kondo mpaka kizazi cha tano, akauliza kuhusu sala za Badru, kuhusu marafiki zake, na kwa nini suti ya Revelian haifungi. Nusu saa ikapita, ikawa saa nzima. Ndipo Mfaume akabuni hila. Alisema, "Wazee wangu, hebu tuwasomee Fatiha marehemu wetu," na wote wakainua mikono, wakasoma. Wakati wa kuitikia amina, kila mtu akajipangusa uso kwa viganja, na Mfaume naye akajipangusa uso, akashuka shingoni, akapita ukosi, akachelewa huko kidogo. Faraja ilikuwa kubwa, nusura angurume. Baada ya dakika kumi akapendekeza Fatiha nyingine, ya wasafiri. Abdulsamad alipendezwa sana na ucha Mungu ule. Lakini alipotaka kuomba ya tatu, Mfaume akamwonea haya Mola wake, maana alijua anachokiomba, na akaiacha hila ile kwa hiari yake. Mimi kwa hilo namhesabia vita vizima.

Ami Hudhaifa akaweka tasbihi chini. "Sie hatuozi bila kuuliza. Ukoo wenu una maradhi gani? Pumu? Kifafa?" Jicho likatambaa juu ya kanzu ile nyeupe. "Ngozi?"

Mgongo wa Mfaume ukawaka kuanzia shingoni mpaka kiunoni. Ukucha mmoja wa mkono wa kulia ukainuka kutoka gotini, wenyewe, bila amri. Revelian aliuona akakohoa, naye Mfaume akaurudisha chini, polepole, kama mtu anayefunika sufuria. "Ami," akasema, "babu yetu alikuwa na kisukari na bibi aliona kwa taabu uzeeni. Ngozi yetu haina maradhi. Naapa kwa kaburi la kaka yangu."

Alisema kweli, na kila neno lilimchoma.

Hapo macho yakamshinda. Mwili ulionyimwa kucha ulitafuta njia nyingine ya kutokea, na machozi yakamtoka mawili, kisha mengi, yakashuka mpaka kwenye ndevu. Abdulsamad akamwinamia. "Bwana Mfaume, walia?"

Sitawaficha: wakati yanaanza, machozi yale yalikuwa ya kwapa la kushoto. Lakini Mfaume alipofungua kinywa kutafuta udhuru, alikuta neno moja tu limesimama pale, nalo lilikuwa la kweli. "Mahali hapa nilipokaa mie ni pa kaka yangu Mwishehe," akasema. "Yeye ndiye angekuja. Angeongea vizuri kuliko mie, alikuwa na maneno. Mie nimemlea mtoto wake kwa mikono hii ya rezini, sijui kama nimemlea sawasawa. Kama Badru ana kasoro, ni zangu. Kama ana jema, ni la baba yake. Mnipe jibu lolote, ila msimnyime kwa ajili yangu."

Mwisho Abdulsamad akaikunja barua, akaitia mfukoni mwa kanzu yake. Barua ikiingia mfukoni haitoki tena, ndivyo ada ya nyumba ile. "Tumekubali," akasema, na pazia likalipuka kwa vigelegele.

Laiti hadithi ingeishia hapo! Abdulsamad akasimama, akapanua mikono amkumbatie mkwe wake. Mfaume akarudi nyuma hatua moja. "Mzee, tafadhali, kanzu yangu leo haifai kukumbatiwa."

"Ona unyenyekevu huo!" akasema Abdulsamad, akamkumbatia bega la kulia, la kushoto, na la kulia tena, akamkaza kwa mapenzi yote ya mtu aliyechoka kukataa posa. Ami Hudhaifa akafuata, kwa kuwa ada ni ada, naye akabana kwa nguvu apate kupima uzito wa ukoo. Kisha wakaketi kula halua.

Kwanza Abdulsamad akasogeza bega. Akasogeza tena. Ami Hudhaifa alikuwa na kipande cha halua karibu na mdomo pale mkono ulipobadili nia, ukaenda shingoni, ukakuna. Ukakuna tena. Akaweka halua chini, akaingiza mkono ukosini, akatazama vidole vyake, hakuona kitu, akajikuna kwa mikono miwili, na uso wake ukageuka ukawa wa mtu aliyevumbua jambo zito.

"Kaka!" akapaza sauti, akisimama juu ya zulia. "Wametuletea upele! Ameapa kwa kaburi, na ana upele! Toa barua hiyo mfukoni, nairudisha hii posa mie mwenyewe!"

Vigelegele vikakatika. Mkono wa Abdulsamad, mpole yule, ukaenda mfukoni. Revelian akafumba macho. Na Mfaume bin Kondo akasimama katikati ya sebule, kanzu ikimeta kwa jua la jioni la dirishani, akanena hotuba ya wazi kuliko zote za siku ile.

"Ami, si upele. Ni faiba. Ni kioo, nywele za kioo, ndiyo kazi yangu. Nimefulia kanzu hii kwenye beseni nililolitengeneza mwenyewe na sijalimaliza. Mke wangu alinikanya nikamjibu kwa kiburi. Nimekaa mbele yenu nimevaa upumbavu wangu mwenyewe. Waulizeni mafundi wote wa mji huu, haiambukizi, na kwa maji ya baridi inatoka. Kosa ni langu, Badru hana habari. Hasira zenu nipeni mie."

Ami Hudhaifa akakoma kupiga kelele, ila hakukoma kujikuna. "Umekuwa nayo tangu lini?"

"Tangu Magomeni."

"Kwenye kanzu tu?"

"Na fulana," akasema Mfaume. "Na kikoi."

Ami akahesabu saa kwa vidole vya mkono uliokuwa huru. "Mie nimekuwa nayo dakika tano, na moyoni nimeshatukana mara tatu, Mungu anisamehe. Wewe umekaa saa mbili, na mie nikikuangalia. Sikukuona ukijikuna."

"Sikujikuna."

"Kwa nini, mtu wa Mungu?"

"Kwa sababu ulikuwa unaniangalia, Ami," akasema Mfaume. "Na Badru hana mshenga mwingine."

Jicho Lisilofumba likafumba. Mzee mzima akasimama pale akiwashwa, akiwaza, akiwashwa tena. Mara akamgeukia kaka yake. "Acha barua hapo hapo ilipo. Mie nimetafuta miaka mitatu watu wa kumkabidhi Khulud, watu wasiotikisika kwa ajili ya mtoto wao. Leo nimewapata, na wamekuja wamevaa moto." Kisha akapaza sauti kuelekea pazia. "Hamdiya! Maji ya baridi, ndoo mbili! Na washeni feni!"

"Na wewe, mkwe," akasema Abdulsamad kwa upole, akijisugua begani kwa tasbihi ya ndugu yake, "jikune sasa. Umeruhusiwa na nyumba nzima."

Ndipo ikawa. Sheria ya mafundi, iliyolindwa tangu Magomeni, ilivunjwa saa kumi na mbili na dakika ishirini, jua likizama. Mfaume aliinua mikono miwili, akaipeleka shingoni, akajikuna. Akajikuna kwapani, akajikuna kiunoni, akatoa mlio ambao Bi Hamdiya anausimulia mpaka leo akiombwa. Revelian alishangilia kwa Kihaya, kifungo cha pekee kilichokuwa kimebaki kwenye suti kikaruka. Lakini ipo sehemu katikati ya mgongo wa kila mwanadamu ambayo mkono wake mwenyewe haufiki, na humo ndimo jeshi la mwisho la faiba lilikuwa limejichimbia. Shujaa akajipinda kulia, akajipinda kushoto, hakufika.

Ami Hudhaifa akakunja mkono wa kanzu yake, akaja nyuma yake.

"Wapi?"

"Juu kidogo, Ami."

"Hapa?"

"Kushoto. Hapo. Hapo hapo, Mungu akulipe kila jema."

Iandikwe basi, enyi wa Temeke na wa Kinondoni, kwa wino usiofutika, kwamba ukoo wa Kondo na ukoo wa Abdulsamad ziliungana jioni ya Jumamosi ile, kabla ya mahari, kabla ya nikaha, kabla hata ya maji ya baridi kufika, pale Hudhaifa Jicho Lisilofumba alipomkuna mgongo Mfaume wa Mtoni, taratibu, kwa kucha zote tano, mpaka alipoambiwa basi.